Padri Damien, Ndugu wa Wakoma

Kila siku mnaposali mnamwomba Mungu awahurumie. Neno hilo mmelizoea midomoni mwenu. Lakini je, mwenye huruma ni mtu wa namna gani? Wengine hudhani ni yule anayelia upesi akimwona mwenzake katika taabu. Wengine hudhani ni yule anayetoa sadaka, kisha akaenda zake. Machozi ni mema, na sadaka ni njema. Lakini huruma aliyotufundisha Bwana Yezu inadai zaidi. Mnaukumbuka mfano wa Msamaria. Kuhani na Mlawi walimwona mtu aliyejeruhiwa njiani, wakapita kando. Labda hata wao walisikitika moyoni, nani ajuaye? Msamaria peke yake ndiye aliyemkaribia, akamgusa, akamfunga majeraha.

Basi, leo tutawasimulia maisha ya padri mmoja aliyekaribia mahali walipokimbia watu wote, akakaa huko mpaka kufa kwake.

Kijana wa Tremelo

Tarehe 3 Januari 1840, katika kijiji cha Tremelo, nchini Ubelgiji, alizaliwa mtoto mwanamume, akaitwa Jozef De Veuster. Wazazi wake walikuwa wakulima, na baba yake alifanya pia biashara ya nafaka. Jozef alikuwa kijana mwenye nguvu, mwenye mikono iliyozoea kazi. Baba yake alimtazamia awe msaidizi wake katika biashara, akampeleka shule ajifunze Kifaransa. Lakini Mungu alikuwa na shauri lingine.

Ndugu yake mkubwa, Pamphile, alikuwa amekwisha kuingia Shirika la Mioyo Mitakatifu ya Yezu na Maria. Mwaka 1859 Jozef naye akaingia shirika hilo katika mji wa Leuven. Akachagua jina la Damien, ambalo ni jina la mtakatifu wa zamani aliyekuwa mganga na kuwatibu wagonjwa bila kupokea malipo. Mwanzoni wakubwa wake walimpokea awe bruda tu, kwa kuwa hakujua Kilatini. Kumbe nduguye alianza kumfundisha maneno machache machache, na yeye akajifunza kwa bidii hata wakubwa wakastaajabu, wakamruhusu kuendelea na masomo ya upadri.

Mwaka 1863 Pamphile alichaguliwa kwenda kuhubiri katika visiwa vya Hawaii, mbali sana katika bahari kuu ya Pasifiki. Safari ilikuwa tayari, lakini Pamphile akashikwa na homa kali, asiweze kuondoka. Damien akamwandikia mkubwa wa shirika akiomba kwenda mahali pake. Akakubaliwa. Akawaaga wazazi wake, akapanda merikebu, na baada ya miezi karibu mitano baharini akafika Honolulu, mji mkuu wa Hawaii, tarehe 19 Machi 1864, sikukuu ya Mtakatifu Yosefu. Miezi miwili baadaye, tarehe 21 Mei, akapewa upadri.

Kwa muda wa miaka tisa Padri Damien alifanya kazi katika kisiwa kikubwa cha nchi ile. Alipita milimani na mabondeni kuwatafuta Wakristo wake, akajifunza lugha yao, akajenga makanisa kwa mikono yake mwenyewe.

Ugonjwa wa kutenganisha

Siku zile ukoma ulikuwa umeenea katika visiwa vya Hawaii. Wageni walikuwa wameuleta kutoka nchi za nje, na wenyeji hawakuwa na nguvu ya kuushinda. Dawa haikuwapo. Mwaka 1865 serikali ya mfalme Kamehameha wa Tano ikatoa amri kwamba kila mwenye ukoma atengwe. Mahali palipochaguliwa ni upande mmoja wa kisiwa cha Molokai: rasi iliyozungukwa na bahari pande tatu, na upande wa nne imefungwa na majabali marefu mno. Aliyeteremshwa hapo hakuweza kutoka. Wagonjwa wa kwanza walifikishwa huko Januari 1866.

Fikirini uchungu wa amri ile. Mama alichukuliwa mbele ya watoto wake; mtoto alitolewa mikononi mwa mama yake; bwana arusi aliagana na mkewe pwani, nao wakijua kwamba hawataonana tena. Ndiyo sababu wenyeji waliuita ukoma ugonjwa wa kutenganisha watu. Wengine walikubali kwenda kuishi utengoni, ingawa hawakuwa wagonjwa, ili wawauguze waume wao au wake zao. Na hao pia walikuwa watu wa huruma, ijapokuwa majina yao hatuyajui.

Watu wa serikali hawakuwa wote wakatili. Waliogopa, nao walitaka kuwaokoa wale wasiougua bado. Walituma chakula na nguo kwa meli, wakatumaini kwamba wagonjwa watajilimia wenyewe. Lakini mtu aliyepoteza vidole vyake hushikaje jembe? Nyumba hazikutosha. Mganga wa kukaa nao hakuwapo. Wenye nguvu waliwanyang'anya wadhaifu; yatima walifanywa watumwa; wengi walilewa kwa pombe ya mizizi waliyoipika wenyewe ili wasahau mateso yao. Kila mgeni aliyefika aliambiwa kwamba mahali pale hapana sheria. Huruma ya mbali ilituma mifuko ya chakula, haikutuma mtu.

Siku ya tarehe 10 Mei 1873

Mwaka 1873 Askofu Maigret alikutana na mapadri wake katika kisiwa cha Maui. Akawaeleza kwamba Wakristo wa Molokai wanakufa bila padri. Hakutaka kumwamuru yeyote, maana kumtuma mtu huko kulikuwa kama kumtuma kaburini. Mapadri vijana wanne wakajitoa, wakapatana kwenda kwa zamu. Damien aliomba awe wa kwanza. Alikuwa na umri wa miaka 33.

Tarehe 10 Mei 1873 askofu mwenyewe alimfikisha pwani ya Molokai, akamweka mbele ya wagonjwa, kisha akarudi. Damien hakuwa na nyumba. Usiku alilala chini ya mti uitwao mkadi, karibu na kanisa dogo la Mtakatifu Filomena. Baada ya siku chache akaandika barua kwa wakubwa wake, akaomba aachwe huko daima. Hakutaka tena habari ya zamu. Aliona kwamba watu wale walikuwa wamekwisha kuachwa mara nyingi mno. Akija mtu wa kuwapenda, naye akaondoka tena baada ya miezi mitatu, wangejua kwamba wameachwa mara nyingine.

Mikono yake

Msidhani kwamba Padri Damien hakuona kichefuchefu. Vidonda vya wagonjwa vilinuka vikali hata mara nyingine alilazimika kutoka nje ya kibanda katikati ya kuungamisha, apate kupumua. Akaanza kuvuta kiko ili harufu ya tumbako ifunike harufu ile. Mwili wake ulikataa, yeye akaushurutisha. Aliingia kila kibanda. Aliosha vidonda, akavifunga kwa vitambaa. Aliketi na watu chini, akala nao chakula chao kiitwacho poi, ambacho ni kama ugali laini wa magimbi, akichovya vidole katika bakuli moja pamoja nao. Alimpa kiko chake aliyetaka kuvuta.

Waganga wa siku hizi wangemwonya ajilinde zaidi, na wangekuwa na haki. Lakini wagonjwa wale walielewa maana ya tendo lake. Tangu walipotengwa, hakuna mtu mzima wa mwili aliyekubali kuwagusa, isipokuwa jamaa zao wachache. Mtu akiogopwa na wote, mwisho hujiogopa mwenyewe. Padri alipowashika mkono, walijua tena kwamba wao ni watu.

Mikono ile iliyozoea kazi ya shamba haikupumzika. Upepo mkali ulipoviangusha vibanda vyao vya majani, Damien aliiomba serikali mbao, akawa fundi seremala, akajenga nyumba pamoja na wagonjwa waliokuwa na nguvu bado. Maji yalikuwa mbali. Wakatandika mabomba kutoka chemchemi hata kijijini. Akalipanua kanisa. Akawajengea yatima nyumba, wavulana mbali na wasichana mbali, awalinde na watu wabaya. Akaanzisha kwaya na bendi ya muziki. Na wageni walioizuru Molokai walistaajabu kusikia nyimbo nzuri vinywani mwa watu walioharibika nyuso zao.

Zamani wafu walifukiwa ovyo, pengine bila jeneza. Damien aliwachimbia makaburi, akawatengenezea majeneza mamia kwa nyundo na misumari yake, akawazika kwa sala na wimbo, akauzungushia ua uwanja wa makaburi. Kwa nini ajisumbue hivyo kwa ajili ya maiti? Kwa sababu aliye hai, akiona jinsi ndugu yake anavyozikwa, hujua yeye mwenyewe anahesabiwa kuwa nani.

Msaada wake aliwapa wote. Hakuuliza kwanza kama mgonjwa ni Mkatoliki, au Mprotestanti, au mtu asiyebatizwa. Kidonda hakina dini.

Lakini huruma yake haikuwa ulegevu. Walevi waliokusanyika na kutenda maovu aliwaendea na fimbo yake, akaipindua mitungi ya pombe. Mwenye huruma huchukia dhambi kwa sababu anampenda mwenye dhambi. Humwondolea sumu, ijapokuwa mwenyewe amekasirika.

Msalaba wa upweke

Jambo lililomwumiza Damien kuliko vidonda ni upweke. Serikali ilimkataza mwanzoni asitoke katika mahali pa utengo. Siku moja mkubwa wake alipita kwa meli, naye Damien akapiga makasia mpaka karibu, apate kuungama. Nahodha akamzuia kupanda. Basi, Damien akasimama ndani ya mashua, akaungama dhambi zake kwa sauti kuu mbele ya watu wote waliokuwa juu, na padri akamwondolea dhambi kutoka melini. Tazameni: huyu aliyewapa wengine huruma ya Mungu, yeye naye aliitafuta kama mwombaji, bila kuona haya.

Wala hakuwa malaika. Alikuwa mkaidi, mwenye hasira za upesi. Aligombana na wakubwa wa serikali kwa ajili ya mbao, nguo na dawa. Mapadri waliotumwa kumsaidia waliona vigumu kuishi naye. Habari zake zilipoandikwa magazetini na fedha zikaanza kuja kutoka Ulaya, wengine katika shirika lake walidhani anatafuta sifa. Aliyavumilia hayo, akaendelea na kazi. Tusingoje basi kuwa wakamilifu ndipo tuanze kuwahurumia wengine; tungengoja mpaka kaburini.

Mwaka 1881 Liliuokalani, binti wa ukoo wa kifalme aliyetawala nchi wakati mfalme amesafiri, alikwenda Molokai kuwatazama wagonjwa. Alipowaona alishindwa kusema kwa machozi. Baadaye akampelekea Damien nishani ya heshima. Damien hakupenda kuivaa.

Sisi wakoma

Tangu mwanzo, Padri Damien alipowahubiri watu wake, alipenda kusema sisi wakoma, wala si ninyi wakoma. Lilikuwa neno la upendo. Likaja kuwa neno la kweli.

Desemba 1884, akiwa amechoka kwa safari, alitia miguu katika maji ya moto. Ngozi ikababuka, na yeye hakusikia maumivu yoyote. Akaelewa. Mwaka 1885 waganga walithibitisha kwamba ameshikwa na ukoma. Tangu hapo, aliposema sisi wakoma, wote waliokuwa kanisani walijua kwamba haneni tena kwa mfano.

Hakuacha kazi. Alijenga, aliungamisha, alizika, huku uso wake ukiharibika na mikono yake ikifa ganzi. Ndipo Mungu alipomletea wenzi. Mwaka 1886 alifika Joseph Dutton, Mmarekani aliyekuwa zamani askari, akabaki kuwatumikia wagonjwa mpaka uzee wake. Mwaka 1888 alifika Padri Conrardy, Mbelgiji mwenzake; na Novemba mwaka ule ule wakafika masista watatu wa Mtakatifu Fransisko, wakiongozwa na Mama Marianne Cope. Damien alifurahi kwamba yatima wake wamepata mama. Sasa aliweza kufa kwa amani.

Alikufa tarehe 15 Aprili 1889, Jumatatu ya Juma Kuu, mwenye umri wa miaka 49. Alikuwa amekaa Molokai karibu miaka kumi na sita. Wagonjwa walimzika chini ya mkadi ule ule aliolala siku zake za kwanza.

Baada ya kufa kwake

Baada ya kufa, wengine walimsingizia mambo mabaya. Lakini walioijua kazi yake walimtetea, na uchunguzi ukamsafisha. Mwaka 1936 mwili wake ulirudishwa Ubelgiji kwa heshima kuu, ukawekwa Leuven. Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza mwenye heri mwaka 1995, na mkono wake wa kuume ukarudishwa Molokai, kwa watu aliowahudumia. Tarehe 11 Oktoba 2009 Papa Benedikto wa Kumi na Sita akamwandika katika hesabu ya watakatifu. Sikukuu yake ni tarehe 10 Mei, siku aliyofika kwa wakoma. Mama Marianne naye alitangazwa mtakatifu mwaka 2012.

Jueni pia jambo hili. Mwaka ule ule wa 1873, Damien alipofika Molokai, mganga wa Norway aitwaye Hansen aligundua kijidudu kinacholeta ukoma. Hivyo twajua leo kwamba ukoma si laana, si uchawi, wala si urithi wa ukoo. Tena hauambukizi upesi: watu wengi hawaupati hata wakiishi karibu na mgonjwa. Tangu mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani limeshauri mgonjwa apewe dawa kadhaa pamoja, naye hupona kwa miezi sita au mwaka mmoja. Mgonjwa aliyeanza dawa hizo haambukizi wengine. Huko Hawaii amri ya kuwatenga wagonjwa iliondolewa mwaka 1969.

Katika Kongo yetu ukoma haujaisha. Na tuseme kweli: mara nyingi mgonjwa huficha doa lake lisilo na maumivu, asiende hospitali, kwa kuwa anaogopa jirani kuliko ugonjwa. Hivyo vidole vyake hupotea kwa sababu ya hofu yetu. Anayemwambia mwenzake twende wote kwa mganga, akamsindikiza, akangoja naye mlangoni, huyo amefanya tendo la Padri Damien.

Tujifunze nini?

Kwanza, huruma hukaribia. Kusikitika ukiwa mbali ni mwanzo tu. Nenda mpaka mlangoni.

Pili, huruma hukaa. Kumtazama mgonjwa siku moja ni rahisi. Kumrudia mwezi wa sita, wakati wengine wamechoka, hiyo ndiyo kazi.

Tatu, huruma husema sisi. Anayetoa msaada huku anajiona bora amempa mwenzake chakula, naye amemnyang'anya heshima.

Nne, huruma hutumia mikono. Damien aliwahubiri watu wake kwa neno, na pia kwa msumeno, jembe na bomba la maji.

Wapenzi wakatekumeni, siku ya ubatizo wenu mtavishwa vazi jeupe, na mtaitwa wana wa Baba mwenye huruma. Mwana hufanana na baba yake. Kabla siku hiyo haijafika, angalieni kijijini mwenu: ni nani aketiye peke yake? Pengine ni mzee anayesingiziwa uchawi, pengine mama tasa, pengine mtoto mlemavu asiyeitwa kucheza, pengine mwenye vidonda. Nyumba yake mnaijua. Njia ya kwenda huko ni fupi kuliko njia ya Molokai.

Maswali ya kujibu pamoja na katekista

1. Kwa nini Padri Damien aliomba kwenda Hawaii, na kwa nini aliomba kubaki Molokai daima?
2. Serikali ilituma chakula kwa wagonjwa. Walikosa nini bado?
3. Damien alipindua mitungi ya walevi. Je, hilo lilikuwa tendo la huruma? Elezeni.
4. Ukoma huletwa na nini, na mgonjwa afanye nini apate kupona?
5. Katika kijiji chetu, ni nani anayeachwa peke yake? Juma hili nani atakwenda kwake?